Nani Hukagua Mizani? Usahihi wa Programu za Kulandanisha Picha katika Tiba ya Mionzi

UTANGULIZI

Mkulima wa Pemba apelekapo karafuu zake kavu kituoni hutaka kujua jambo moja kabla gunia lake halijapandishwa juu ya mizani: je, mizani hiyo ni sahihi? Hawezi kulijua hilo kwa kuona tu kwamba mshale umesimama kwenye sifuri. Mizani yaweza kusimama kwenye sifuri barabara, na bado ikapunja kila gunia linalowekwa. Ili kuikagua hapana budi kuweka juu yake jiwe ambalo uzito wake umekwisha kujulikana kwa njia nyingine. Tena jiwe hilo lisiwe dogo mno, kwa maana mizani iliyo sahihi kwa kilo 1 haiwi lazima sahihi kwa kilo 50.

Katika hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi kipo chombo ambacho hustahili kukaguliwa kwa hoja hiyo hiyo, ingawa kinachopotea kikikosea si fedha bali afya ya binadamu. Chombo hicho ni programu ya kompyuta inayolandanisha picha za mgonjwa. Programu ya namna hii imalizapo kazi yake mara nyingi humwonyesha mtumiaji tarakimu fulani, kwa mfano milimita 0.5, kuwa ndilo kosa lililobaki. Swali la makala haya ni hili: tarakimu hiyo yatwambia nini hasa, na ni kitu gani isichotwambia?

Hesabu zitakazotumika hazizidi zile za shule ya sekondari: uwiano, kanuni ya Pythagoras na kipeuo cha pili. Mwishoni limeelezwa jaribio ambalo mwalimu wa Vitongoji, au wa kijiji kingine chochote, aweza kulifanya darasani kwa karatasi, rula na pini.

1. KWA NINI PICHA MBILI?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mkaazi wa Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake, aonekana kuwa na dalili za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Pemba wanaohitaji mionzi wamelazimika kuvuka bahari, kwanza hadi Unguja na kisha hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Taasisi hiyo ilifanywa kuwa chombo kinachojitegemea mwaka 1996. Kwa muda mrefu ilitegemea mashine za kobalti-60, na tangu mwaka 2018 imekuwa pia na mashine za kisasa zinazotoa mionzi kwa kuongeza kasi ya elektroni.

Kabla ya matibabu mgonjwa hupigwa picha, na picha ya aina moja mara nyingi haitoshi. Picha za CT hutengenezwa kwa eksirei zinazopita mwilini kutoka pande zote. Kila nukta ya picha hiyo hueleza jinsi mahali hapo panavyozuia eksirei, na kutokana na habari hiyo mwanafizikia hupiga hesabu ya kiasi cha mionzi kitakachofika kila sehemu. Lakini CT haitenganishi vizuri nyama laini na nyama laini iliyo jirani yake. Picha za MRI, zinazotengenezwa kwa sumaku yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio, huonyesha mpaka wa uvimbe kwa uwazi zaidi, lakini hazitoi moja kwa moja habari inayotakiwa kwa hesabu ya mionzi.

Basi daktari huchora mpaka wa uvimbe akiitazama MRI, na mwanafizikia hupiga hesabu akiitumia CT. Mpaka uliochorwa juu ya picha ya kwanza lazima uhamishiwe juu ya picha ya pili. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Picha hizo mbili hazikupigwa siku moja, wala juu ya kitanda kimoja, na huenda hazikupigwa hata katika mji mmoja. Siku ile mgonjwa alilala kidogo kuelekea kushoto. Siku hii amelala kulia. Siku ile kibofu chake cha mkojo kilikuwa kitupu. Siku hii kimejaa.

Ukubwa wa jambo hili waweza kupimwa kwa mfano wa saratani za kichwa na shingo. Mara nyingi mgonjwa hupewa jumla ya grei 70 kwa vipindi 35, yaani grei 2 kila kipindi. (Grei ni kizio cha nishati ya mionzi inayofyonzwa, sawa na jouli 1 kwa kila kilogramu.) Lakini ugwe-mgongo, yaani kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo, kwa kawaida haukubaliwi kupata zaidi ya grei 45 hadi 50 katika matibabu ya namna hii. Wakati mwingine umbali kati ya uvimbe na ugwe huo ni milimita chache tu. Mpaka ukihamishwa kwa milimita 5 kuelekea upande mmoja, sehemu ya uvimbe huachwa bila dawa. Ukihamishwa upande mwingine, mgonjwa aweza kupooza.

2. KULANDANISHA NI KUFANYA NINI?

Kulandanisha picha mbili ni kutafuta kanuni itakayotwambia, kwa kila nukta ya picha ya kwanza, nukta ya picha ya pili inayowakilisha mahali pale pale mwilini. Ikiwa kiungo chenyewe hakikubadilika umbo, kama fuvu la kichwa, tarakimu 6 zatosha: 3 za kusogeza (kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini) na 3 za kuzungusha. Kazi ya programu ni kuzitafuta tarakimu hizo.

Zipo njia mbili kuu. Njia ya kwanza hutumia alama: mtu huonyesha alama zile zile katika picha zote mbili, na programu hutafuta msogeo na mzunguko utakaozikutanisha kwa karibu iwezekanavyo. Njia ya pili huacha alama na kutumia rangi za picha nzima. Ugumu wake ni kwamba mfupa huonekana mweupe katika CT, lakini tabaka lake gumu huwa jeusi katika MRI. Kwa hiyo haifai kuondoa picha moja kutoka nyingine na kutazama baki. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani na wa Ubelgiji, kila kundi kwa njia yake, walipendekeza kipimo kingine. Wao waliuliza: nikiijua rangi ya nukta katika picha moja, naweza kuikisia kwa kadiri gani rangi ya nukta iliyo mahali pale pale katika picha ya pili? Picha zinapolandana, kisio huwa jema. Zinapoachana, kisio huharibika. Kompyuta basi husogeza na kuzungusha kidogo kidogo, ikitafuta mahali ambapo kisio ni bora kabisa.

Utafutaji huo ni kama kupanda kilima katika ukungu. Mtu anayepanda kila mara kuelekea palipo juu zaidi atafika kileleni, lakini si lazima kiwe kilele kirefu kuliko vyote. Aliyeanzia vibaya atafika kwenye kilele cha jirani naye atadhani amemaliza safari.

Mwandishi wa makala haya aliliona jambo hilo kwa macho yake alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Katika hospitali moja programu ililandanisha picha mbili za mgongo wa mgonjwa. Mifupa ilikaa juu ya mifupa, mistari ikakutana, na tarakimu ya kosa ikawa ndogo ajabu. Sote tulioitazama tuliridhika. Fundi mmoja wa mionzi, mtu mzima asiye na maneno mengi, hakuridhika. Aliweka kidole juu ya kioo akaanza kuzihesabu pingili kutoka chini kwenda juu, kwanza katika picha hii na kisha katika ile. Zilipishana kwa pingili moja. Pingili ya uti wa mgongo hufanana sana na jirani yake, na programu ilikuwa imepanda kilele cha jirani. Kosa lililoandikwa juu ya kioo lilikuwa chini ya milimita 1. Kosa lenyewe lilikuwa zaidi ya sentimita 2. Kwa bahati njema matibabu yalikuwa hayajaanza.

3. KOSA LA ALAMA NA KOSA LA SHABAHA

Ili kulifahamu jambo hili hatuna budi kutofautisha makosa mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Kosa la alama ni umbali uliobaki kati ya alama zilizotumiwa kulandanishia, baada ya kulandanisha. Hili ndilo programu inaloweza kulipima yenyewe.

Kosa la shabaha ni umbali kati ya mahali programu inapodhani uvimbe upo na mahali uvimbe ulipo kweli. Hili ndilo linalomhusu mgonjwa.

Mtu aweza kudhani kwamba la kwanza likiwa dogo, la pili nalo litakuwa dogo. Hebu tujaribu kwa hesabu.

Mfano wa kwanza. Alama mbili, A na B, ziko juu ya mstari mmoja wa ulalo, umbali wa milimita 40. Katika picha ya pili mtazamaji amekosea kidogo: A ameiweka chini kwa milimita 1, na B ameiweka juu kwa milimita 1. Programu haijui kwamba alama zimewekwa vibaya. Huona mstari ulioinama, nayo huiinamisha picha nzima ili kuufuata. Mwinamo ni:

2 ÷ 40 = 0.05, yaani karibu nyuzi 3.

Sasa kosa la alama ni kiasi gani? Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali mpya kati ya A na B ni kipeuo cha pili cha (40 × 40 + 2 × 2), yaani kipeuo cha pili cha 1604, ambacho ni 40.05. Tofauti ni milimita 0.05, nayo hugawanywa kwa alama mbili. Kosa la alama basi ni milimita 0.025. Programu yaweza kujisifu.

Lakini shabaha yetu iko milimita 120 kutoka katikati ya A na B. Mwinamo ule ule huisogeza kwa:

120 × 0.05 = milimita 6.

Kosa la shabaha ni mara 240 ya kosa la alama.

Mfano wa pili. Kila kitu kibaki vile vile, ila A na B ziwe mbali zaidi, milimita 200. Mwinamo sasa ni 2 ÷ 200 = 0.01, na shabaha iliyo milimita 120 kutoka katikati husogea kwa milimita 1.2 tu. Mtazamaji hakuongeza uangalifu wake hata kidogo. Alichofanya ni kuzitawanya alama. Fundi seremala anajua hilo: hakagui ubao mrefu kwa timazi fupi.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, kosa hukua kadiri shabaha inavyokuwa mbali na alama. Pili, kosa la alama laweza kuwa dogo kwa sababu programu imeyafuata makosa ya mtazamaji, si kwa sababu imeupata ukweli.

Jambo la ajabu zaidi lilielezwa kwa hesabu mwaka 1998 na J. Michael Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, pamoja na wenzake. Tuseme kila alama hukosewa kwa bahati nasibu kwa kiasi cha milimita 1, na kazi yetu ni ya vipimo vitatu. Kanuni zao hutoa matokeo haya, kwa shabaha iliyo katikati kabisa ya alama:

Alama 3: kosa la alama mm 0.58, kosa la shabaha mm 0.58.
Alama 4: kosa la alama mm 0.71, kosa la shabaha mm 0.50.
Alama 10: kosa la alama mm 0.89, kosa la shabaha mm 0.32.

Msomaji azitazame tena tarakimu hizo. Kadiri alama zinavyoongezeka, kosa linaloonyeshwa na programu hupanda, ilhali kosa linalomhusu mgonjwa hushuka. Mtumiaji ambaye angefuta alama moja baada ya nyingine ili kuipunguza tarakimu iliyo juu ya kioo, angekuwa akijiharibia kazi huku akidhani anaitengeneza. Mwaka 2009 Fitzpatrick alikwenda mbele zaidi, akaonyesha kwamba makosa ya kutambua alama yanapokuwa ya bahati nasibu, makosa haya mawili hayana uhusiano wa kitakwimu: kutokana na la kwanza huwezi kulikisia la pili kwa mgonjwa aliye mbele yako.

4. ALAMA ZILIZOFUTWA

Tutalijuaje basi kosa la shabaha? Jibu ni lile la mkulima wa karafuu: kwa kutumia kitu ambacho ukweli wake umejulikana kwa njia nyingine, na ambacho chombo kinachokaguliwa hakikupewa.

Jaribio mashuhuri la namna hii lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa ubongo walikuwa wamefungiwa alama ndogo zilizoshikizwa katika mfupa wa fuvu kwa ajili ya upasuaji wenyewe. Picha zao zilipigwa alama hizo zikiwapo, na kwa alama hizo ulandanifu wa kweli ulijulikana kwa usahihi mkubwa. Kisha watafiti walizifuta alama zote katika picha, kana kwamba hazikuwapo kamwe, wakazipeleka picha hizo kwa wataalamu wa vyuo na hospitali mbalimbali. Kila mmoja alilandanisha kwa programu yake bila kujua jawabu, akarudisha matokeo. Hapo ndipo alama zilizofutwa ziliposimama kuwa hakimu.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo na ya kuonya kwa pamoja. Programu nyingi zilifanya vizuri mara nyingi. Lakini baadhi ya safari zilitoa makosa makubwa, na watafiti wakahitimisha kwamba hapana budi jicho la mtu likague kila mara ili kujikinga na makosa hayo. Programu iliyo nzuri kwa wastani si lazima iwe nzuri leo, kwa mgonjwa huyu.

Wapima ardhi wanaifahamu kanuni hii tangu zamani. Mwaka 2016 ulipoanza mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, picha nyingi mno zilihitaji kuunganishwa ziwe ramani moja. Katika kazi za namna hiyo alama za ardhini hugawanywa mafungu mawili: alama za kudhibiti, zinazotumiwa kuunganishia picha, na alama za kuhakiki, ambazo hufichwa mpaka ramani imekamilika. Mtihani hautungwi kwa maswali ambayo mwanafunzi amepewa majibu yake.

5. HATUA ZA UKAGUZI

Mwaka 2017 kikundi kazi namba 132 cha Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilitoa mapendekezo ambayo sasa hufuatwa katika nchi nyingi. Tukichanganya mapendekezo hayo na mazoea ya kawaida, hatua za ukaguzi ni hizi.

(a) Kiigizo. Hiki ni chombo cha plastiki, au picha iliyotungwa kwa kompyuta, ambacho vipimo vyake vinajulikana. Kisiwe na umbo la kulingana pande zote: upande wa kulia utofautiane na wa kushoto, na kichwa kitofautiane na miguu, ili programu ikigeuza picha jambo hilo lionekane mara moja.

(b) Msogeo unaojulikana. Kiigizo husogezwa, tuseme milimita 10 kulia, na kuzungushwa nyuzi 5. Programu lazima izirudishe tarakimu hizo hizo.

(c) Alama zilizofichwa. Daktari huchagua ndani ya mwili mahali panapotambulika katika picha zote mbili, kama vile njia panda za mishipa ya damu. Mahali hapo hapatumiki kulandanishia. Hutumika kupimia tu. Kikomo kilichopendekezwa ni kwamba kosa lisizidi upande mrefu wa kipande kimoja cha picha, yaani kama milimita 2 hadi 3.

(d) Kufunikana kwa maeneo. Kiungo huchorwa katika kila picha, kisha hupimwa jinsi michoro inavyofunikana: mara mbili ya eneo la pamoja, gawanya kwa jumla ya maeneo yote mawili. Kwa mfano, mchoro wa kwanza una miraba 60, wa pili miraba 50, na ya pamoja ni miraba 44. Jawabu ni 88 ÷ 110 = 0.80. Thamani ya 0.80 hadi 0.90 kwa kawaida hukubaliwa. Lakini hadhari inahitajika: mraba wenye upande wa milimita 100 ukisogezwa milimita 5 hupata 0.95, na mraba wenye upande wa milimita 10 ukisogezwa milimita 5 zile zile hupata 0.50. Kiungo kikubwa huficha kosa.

(e) Kwenda na kurudi. Picha ya kwanza hulandanishwa na ya pili, kisha ya pili na ya kwanza. Nukta iliyoondoka nyumbani lazima irudi nyumbani. Asiyerudi ana kosa. Lakini arudiye si lazima awe alifika. Programu isiyofanya lolote itafaulu jaribio hili kwa alama zote.

(f) Jicho. Picha huwekwa moja juu ya nyingine, au hukatwa miraba kama ubao wa dama, mraba huu wa CT na ule wa MRI, ili kuona kama mipaka ya viungo inaendelea bila kuvunjika. Hatua hii ni ya mwisho katika orodha, lakini ndiyo pekee ifanywayo kwa kila mgonjwa bila kukosa.

6. MWILI SI MBAO

Mpaka hapa tumeuchukua mwili kana kwamba ni mbao. Turudi kwa mama wa Vitongoji. Programu yaweza kuilandanisha mifupa yake ya nyonga kwa usahihi wa nusu milimita, nasi tukaona kila kitu ki sawa. Lakini kibofu kilichokuwa kitupu sasa kimejaa, na kizazi kilicho juu yake kimesukumwa sentimita moja au zaidi. Mifupa imelandana, uvimbe haukulandana. Hapa hakuna aliyekosea kuweka alama. Kosa lilikuwa kuupima mfupa na kuitibu nyama.

Kwa ajili hiyo zimebuniwa programu zinazoruhusu picha kunyooka na kujikunja kama nguo. Uwezo huo ni mkubwa, na hatari yake ni kubwa vile vile. Tuichukue kanga. Ukiivuta, waweza kufuata msogeo wa kila ua la pindo, kwa kuwa maua yanaonekana. Lakini tuseme mji wa kanga hiyo ni wa rangi moja isiyo na nakshi. Utajuaje kila uzi wa hapo umesogea wapi? Utakisia kutokana na pindo. Ndivyo programu ifanyavyo ndani ya ini, ambalo katika CT ya kawaida huonekana rangi moja: mpaka wa ini hulandana vizuri, na ndani yake ni makisio. Mtu akipima penye maua tu atatangaza kazi njema, na uvimbe uko penye rangi moja. Zaidi ya hayo, programu huweza kuikunja nyama juu ya nyama, jambo lisilowezekana katika mwili ulio hai. Kwa hiyo hukaguliwa pia kwamba hakuna mahali pa picha palipopinduliwa ndani nje.

7. JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: karatasi ya miraba, karatasi ya kupenya mwanga ya kunakilia ramani, kadi nene, pini na rula.

Mwalimu achore juu ya karatasi ya miraba duara mbili ndogo, A na B, kila moja yenye kipenyo cha kama milimita 5, zikiwa mbali kwa sentimita 4. Duara zichorwe kwa mkono bila bikari, kwa kuwa alama za hospitali nazo hazina ncha kali. Umbali wa sentimita 12 kutoka katikati ya A na B, juu ya mstari ule ule, atie nukta moja ndogo: hii ni shabaha. Vyote vitatu vinakiliwe juu ya karatasi ya kupenya mwanga, duara nazo zikichorwa upya kwa mkono. Kisha shabaha ya karatasi ya chini ifunikwe kwa kadi.

Mwanafunzi alandanishe karatasi ya juu kwa kutazama A na B tu, aibane, kisha atoboe kwa pini shabaha ya juu hadi pini ifike karatasi ya chini. Kadi iondolewe, na umbali kati ya tundu na shabaha ya chini upimwe. Kila mwanafunzi afanye hivyo mara moja kwa karatasi yake, na matokeo yaandikwe ubaoni. Baadaye jaribio lirudiwe A na B zikiwa mbali kwa sentimita 16.

Matokeo yafupishwe kwa njia hii: kila kosa lizidishwe kwa lenyewe, utafutwe wastani, kisha kipeuo chake cha pili. Makosa ya milimita 1, 2, 2 na 3 hutoa 1 + 4 + 4 + 9 = 18; wastani 4.5, kipeuo chake karibu 2.1. Pamoja na tarakimu hiyo iandikwe daima ile ya kosa kubwa kuliko yote, hapa milimita 3, maana mgonjwa hatibiwi kwa wastani.

HITIMISHO

Kompyuta hupima kile ilichoambiwa ipime. Ikiambiwa izikutanishe alama, itazikutanisha, na itatangaza jinsi ilivyozikutanisha vizuri. Haiwezi kutangaza jambo ambalo haikuonyeshwa. Kazi ya kuuliza kama jambo hilo ndilo linalotakiwa imebaki kwa mwanadamu, kama fundi yule aliyezihesabu pingili kwa kidole chake.

Hospitali zetu zinapata mashine mpya, na mashine hizo zitahitaji watu wa kuzikagua: wanafizikia wa tiba, mafundi wa mionzi na madaktari. Baadhi yao wameketi sasa hivi katika madarasa ya Pemba. Wakizoea mapema kuuliza, kila waonyeshwapo tarakimu, "Imepimwa wapi, na kwa nini?" watakuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Alama mbili ziko mbali kwa milimita 50. Moja imewekwa juu kwa milimita 1 na nyingine chini kwa milimita 1. Shabaha iko milimita 100 kutoka katikati yao. Tafuta kosa la shabaha.

2. Makosa matano yaliyopimwa ni milimita 0, 1, 1, 1 na 5. Tafuta wastani wa kawaida, na kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili. Ni tarakimu ipi ungemwambia daktari kwanza, na kwa nini?

3. Mchoro mmoja wa figo una miraba 80, mwingine 70, na ya pamoja ni 60. Kipimo cha kufunikana ni kiasi gani?

4. Muuzaji wa programu asema: "Tumezijaribu picha kwenda na kurudi, na kosa ni sifuri." Mwulize maswali mawili.

Majibu: (1) Milimita 4. (2) 1.6, karibu 2.4, aanze kwa kosa kubwa, milimita 5. (3) 0.80. (4) Majibu ni mengi. Lililo bora litataja alama zilizofichwa.